Kadi Yenye Pembe Iliyokatwa

Nimekionea wivu kipande cha karatasi ngumu kwa miaka thelathini na zaidi, na sisemi uongo. Wanawake wengine wana wake wenza wa nyama na damu, wanakutana nao sokoni, wanaweza hata kuwasonya wakitaka. Mimi wangu alikuwa wa karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, upana wake kama kiganja, na sikuwahi kumtia machoni.

Mume wangu alikuwa karani wa polisi. Watu wakisikia polisi wanafikiria buti na rungu, lakini yeye hajawahi kukamata hata kuku. Tulikuwa bado Tanzania, katika mji mmoja kando ya ziwa, ambako wazazi wetu walihamia zamani kutoka huku Rwanda. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, katikati ya makabati ya droo, akitunza kadi za wahalifu sugu. Siku hizi mtu anaweka kidole kwenye kioo na mashine inamtaja yeye na mama yake mzazi. Zamani zile mashine ilikuwa mume wangu.

Aliyefungwa mara mbili aliandikiwa kadi. Mbele zilikaa alama za mwili: urefu, makovu, meno, mwendo, na masikio. Masikio hasa. Mzee wangu alikuwa akiniambia kwamba ndevu zinanyolewa na jina linabadilishwa kila mtu anaposhuka kwenye basi, lakini sikio ulilozaliwa nalo ndilo utakalozikwa nalo. Nyuma ya kadi yalikaa makosa, moja chini ya jingine, na mji, na namna mtu alivyolitenda. Hiyo namna waliiita mbinu. Kadi hazikupangwa kwa majina, maana mwizi ana majina mengi kuliko mbwa alivyo na viroboto. Zilipangwa kwa mbinu. Wavunja madirisha droo hii, wanaojifanya mafundi wa redio droo ile, wezi wa nyumba za wageni kule chini karibu na sakafu.

Halafu kulikuwa na wasafiri. Hao leo wako kwenu, kesho wamepanda meli, keshokutwa wanaiba mji wa tatu wakiwa na jina la nne. Kadi zao zilikatwa pembe ya juu kwa mkasi, ili kidole cha karani kiziguse upesi ndani ya droo hata umeme ukizimika. Msafiri akihama, nakala ya kadi yake ilitiwa kwenye mfuko wa barua na kupelekwa mji wa mbele. Mara nyingi mwizi alitangulia kufika, akaiba, akala, akaondoka, ndipo kadi yake ikashuka melini. Na kila asubuhi wenye nyumba za wageni walileta orodha ya waliolala kwao. Mzee hakuyajali majina, alitazama mwandiko tu.

Kulikuwa na sharti moja alilonihubiria mara mia, nikiwa napepeta mchele au napiga pasi. Akiletwa mtu anayeshukiwa, karani anamtazama kwanza na kuandika anachokiona. Akishamaliza kuandika, ndipo anafungua droo. Ukifungua kadi kwanza, alisema, utaiona kadi hiyo kwenye uso wa kila mtu. Ningemsikiliza vizuri siku hizo badala ya kuitikia tu mh, mh, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Sasa Bibi Kadi. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kumkejeli. Alikuwa mwizi wa safari, mwanamke, na katika makabati yale yote wanawake wasafiri hawakufika watatu. Alikuwa anajifanya mjane anayekwenda msibani. Anapiga hodi kwenye nyumba ya watu wema, analia kidogo, anapewa chai na mahali pa kulala, na alfajiri anaondoka na vitenge vya mama mwenye nyumba. Polisi wa miji minne walimtafuta na walimpata mara mbili tu. Mume wangu aliijua kadi yake kama Baba Yetu. Tukiwa tunakula, mgeni akiuliza habari za kazi, basi anaanza, macho yamefumba nusu: urefu wa wastani, kovu kama punje ya mchele juu ya nyusi, ndewe za masikio zimegandana na shavu, sauti ya upole, hunywa chai bila sukari, akisimama huegemea mguu mmoja. Nami nimeshika bakuli la mchuzi mkononi. Jamani! Mwanaume anakaa kwenye meza yangu, anakula samaki niliyempara mimi, anataja ndewe za mwanamke mwingine!

Siku moja, tukiwa na mwaka wa pili wa ndoa, nilishindwa kujizuia. Nikamwambia afumbe macho. Nikamwambia, wewe fundi wa alama, mimi mkeo nina alama gani mwilini? Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikingoja, maana mgongoni nina baka la kuzaliwa kama punje ya haragwe, na mwanaume aliyelala nami miaka miwili alipaswa kulijua. Akafikiri. Akacheka kidogo kwa aibu. Akasema nina kovu la chanjo begani.

Kovu la chanjo! Nani Afrika Mashariki nzima hana kovu la chanjo? Nililia siku mbili, naye akawa anazunguka nyumba kama kuku aliyepotelewa na mayai, hajui kosa lake. Toka siku hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika ndoa yangu. Sikutaka vitenge wala nyumba ya bati jipya. Nilitaka mume wangu anijue kama alivyomjua yule mwizi.

Wivu ni kidonda, wahenga walisema, na mimi kidonda changu nilikuwa nakikuna. Kulikuwa na mambo ya nesi mmoja kule ziwani, na mambo ya mwalimu mmoja wa kike tulipokuwa tumepanga Rwezamenyo, mwanzoni tulipohamia Kigali, lakini hayo hayahusu hapa. Yalipita.

Huku Kigali mzee alipata kazi ya kutunza mafaili ya shule moja, mpaka alipostaafu. Mimi nina chumba changu Gisozi, pale Agakiriro, kwa mafundi wa samani. Nashona foronya za makochi na magodoro. Vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai, lakini nina wateja, na vidole vyangu bado vinaona kuliko macho. Nyumba yetu iko Kagugu, kwenye mteremko, na kwa dirisha la jikoni naona lango la jirani wa upande wa chini.

Nyumba hiyo ilikaa tupu muda mrefu. Mwaka juzi akahamia mwanamke mmoja, mjane, umri wake kama wangu au chini kidogo. Akaanza kulea watoto wadogo wa mtaa. Mama zao wanawaleta asubuhi wakienda kazini, wanawachukua jioni. Alifikisha watoto kumi na mmoja, na uimbaji wao tuliusikia mpaka kwetu. Alikuja kujitambulisha kwa Kiswahili kilichonyooka, si hiki chetu cha Kigali cha iko hapa, iko pale. Alituambia alikulia upande wa ziwa. Nikamkaribisha chai. Nikamsogezea sukari.

Akasema, "Asante dada, mimi situmii."

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Juu ya nyusi alikuwa na kovu dogo.

Nikajikausha. Nikamwongezea chai. Lakini ndani yangu droo zote zilikuwa zimefunguka. Mjane. Sauti ya upole. Chai bila sukari. Kovu. Na mume wangu, mzee wa miaka sabini na mbili ambaye kwa kawaida huwasalimu wageni na kurudi kwenye redio yake, alikaa mpaka mwisho wa chai akiulizia samaki wa ziwa kana kwamba wana undugu naye.

Baada ya hapo ikawa kila siku. Mzee ananyoa ndevu. Mzee anapeleka parachichi mbili za mti wetu kule chini, anarudi baada ya saa nzima. Mzee anarekebisha komeo la lango la watu, na komeo langu la jikoni lina mwaka linalegea! Halafu nikamkuta anakata karatasi ngumu kutoka kwenye maboksi ya sabuni, vipande vya upana wa kiganja, anavipanga vizuri, anavitia mfukoni, anashuka navyo kwa jirani. Miaka hiyo yote sikumwona akikata kadi. Nilimuuliza anaandika nini huko. Akasema ni mambo ya watoto. Mambo ya watoto! Nilihisi damu inachemka mpaka kwenye kucha.

Ilibaki sikio. Hata mimi nilijua kwamba bila sikio hakuna kesi. Na yule mwanamke hakuonekana bila kitambaa kichwani, kimefungwa mpaka chini ya masikio, jambo ambalo kwangu lilikuwa ushahidi mwingine. Basi nikasubiri. Haukupita mwezi akaja mwenyewe Gisozi kuagiza magodoro madogo ya watoto kulalia mchana. Alikuwa ameinama anachagua kitambaa, nami nikamwambia, dada, una uzi kichwani. Nikavuta. Kitambaa kikateleza nyuma, akakirudisha haraka huku anacheka. Niliona sikio kwa muda wa kupepesa macho, na niliona nilichotaka kukiona. Limegandana, nikajiambia. Ndiye.

Fundi wa makochi wa chumba cha pili, mtu mzima mwenye busara zake, alinikuta baadaye nimekaa juu ya gunia la sponji natetemeka. Akaniuliza, "Mama, iko nini?" Nikamwambia iko malaria.

Ningeweza kumuuliza mume wangu. Mtu mwenye akili angemuuliza. Lakini mwenye wivu haulizi, kwa sababu anaogopa kujibiwa. Nilikuwa nimeshaikamilisha hadithi yote. Bibi Kadi ametoka gerezani, amemtafuta karani wake, amempata. Wameonana, na mzee anaijua kila alama ya mwili wake tangu ujana, na mimi nina kovu la chanjo.

Nilimwambia mwanamke mmoja tu. Tulikuwa tunatoka kanisani, akaniuliza kama namfahamu vizuri mlezi wa watoto, maana anataka kumpelekea mjukuu wake. Nikanyamaza kwanza. Kunyamaza kwenyewe kulishamtia wasiwasi. Akasisitiza. Ndipo nikasema, mimi sitaki maneno, lakini mume wangu alifanya kazi ya polisi, na huyo mwanamke kule ziwani alikuwa na kadi. Kadi ya nini? Ya wizi. Wa majumbani. Anaingia kwa watu kwa upole.

Jumatatu hawakuja watoto wanne. Jumatano hawakuja wengine watatu. Wiki ya pili walibaki wawili, na hao nadhani mama yao alikuwa hajasikia bado. Uimbaji ukafifia, ukakoma. Nitasema ukweli wangu: siku ya kwanza nilifurahi. Nilisimama dirishani na kikombe changu, chai yenye sukari nyingi, nikafurahi. Siku ya tano nilimwona amekaa kwenye kizingiti na magodoro niliyomshonea mimi, anayakunguta vumbi ingawa hakuna aliyeyalalia. Nikatoka dirishani. Lakini kufuta maneno yangu, hapana, hilo halikunijia. Nilimwonea huruma kama unavyomwonea huruma mtu aliyestahili.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tukafyeka nyasi za kando ya barabara na kuzibua mfereji mtaa mzima, kisha kama kawaida tukakaa kwenye uwanja kwa mkutano. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akasema ya usafi na ya taa za barabarani. Alipouliza kama kuna mwenye neno, yule mwanamke akasimama, matope mpaka magotini. Hakulia.

Akasema, "Nasikia mimi ni mwizi na nina kadi. Naomba anayejua habari hiyo aiseme hapa nikiwa nasikia."

Nilitazama jembe langu. Watu walimtazama mume wangu, maana habari ya kadi katika Kagugu nzima ingetoka wapi kama si nyumba yetu? Mkuu naye akamwomba mzee aeleze kama anamfahamu mama huyu.

Mzee akasimama. Alikuwa hajui. Hilo nililiona usoni kwake, na pia niliona alipojua, kwa sababu alinitazama mara moja tu na hakurudia. Akaomba karatasi na kalamu. Akamwendea yule mwanamke, akamwomba radhi, akamwomba afungue kitambaa. Kisha akamtazama. Mbele ya mtaa mzima alimtazama kwa utulivu, upande huu, upande ule, uso, masikio, huku anaandika. Na mimi, Mungu anisamehe, hata saa ile, nimekaa juu ya kosa langu kama juu ya siafu, nilikuwa na wivu kwa jinsi anavyomtazama.

Alipomaliza kuandika akasoma kwa sauti. Kovu liko juu ya nyusi ya kulia, ni refu, la kuanguka utotoni. Ndewe zote mbili zimening'inia, zimetobolewa. Halafu akafumba macho nusu kama zamani, akasoma ile nyingine kutoka kichwani: kovu kama punje ya mchele juu ya nyusi ya kushoto, ndewe zimegandana na shavu.

"Huyu si yule," akasema. "Na yule hawezi kuwa hapa. Alifia gerezani kule kule, kabla hatujahamia Kigali. Kadi yake niliifunga mimi kwa mkono wangu."

Yule mwanamke akafunga kitambaa chake polepole. Akasema kwamba huyu mzee amekuwa akimwandikia kadi za watoto, nani mwenye pumu, nani hali karanga, nani anaruhusiwa kumchukua jioni, na sasa kadi ziko tisa kwenye boksi na watoto wake hawapo. Mzee akainamisha kichwa. Akasema maneno haya yalitoka nyumbani kwake, na anaomba radhi kwa jina la nyumba yake. Hakusema ni nani. Nyumba yetu ina watu wawili.

Tulipanda mteremko yeye mbele, mimi nyuma, majembe begani. Unadhani nilikuwa na aibu? Nilikuwa nayo, lakini aibu ikiwa kubwa kwangu hugeuka hasira, na hatujavua viatu nikaanza. Kwa nini hakuniambia kwamba Bibi Kadi amekufa? Miaka yote hiyo naishi na maiti mezani kwangu, sijui!

"Ningekuambia ungeona nina huzuni," akasema.

"Ulikuwa na huzuni?"

"Nilikuwa nayo. Alikuwa hana mtu mwingine aliyemjua. Nilikuwa mimi tu."

Akaingia chumbani, nikasikia anavuta sanduku lake la chini ya kitanda, lile la vyeti. Akarudi, akaweka kitu mezani mbele yangu, akatoka nje kukaa chini ya dari ya baraza. Ilikuwa kadi. Si ya boksi la sabuni, ni ya zamani, ya kiwandani, rangi ya chai ya maziwa. Juu kulikuwa na jina langu.

Nilisoma nimesimama. Baka la kuzaliwa mgongoni, chini ya bega la kushoto, umbo la punje ya haragwe. Wino wa mstari huo ulikuwa umefifia, na pembeni aliandika mwezi, na mwezi ule ulikuwa ule wa jibu lake la kovu la chanjo. Alikwenda akaangalia, nikiwa nimelala bila shaka, akaandika. Na hakuishia hapo. Kidole gumba cha kushoto, sugu ya mkasi. Sikio la kulia, matundu mawili, moja limeziba. Hucheka kwa pua kabla ya mdomo. Akiwa na hasira hutembea kwa visigino. Hulala upande wa ukuta. Jino la nyuma lilitolewa mwaka wa mtoto wa pili, halafu kwa wino mpya, kovu la kisu cha sponji kwenye kiganja, na hilo lina miaka mitatu tu. Mistari midogo midogo, miaka yote, mpaka chini hakuna nafasi.

Nilikaa. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Hata yule marehemu hakuandikwa hivi. Yeye alikuwa na mistari sita, mimi nilikuwa na upande mzima. Nikaipapasa kadi ile kama unavyopapasa kitambaa kizuri kabla ya kukikata, pembe kwa pembe.

Pembe ya juu haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

Nilijua maana yake kabla sijaigeuza: kadi ya msafiri. Miaka mingapi nimehubiriwa? Kwa muda niliishika hivyo hivyo, mbele ikiwa juu. Kisha nikaigeuza.

Kosa la kwanza, mji wa ziwa: nesi wa zahanati, alisemwa kuwa anavunja ndoa za watu, alihamishwa. Kosa la pili, Kigali, Rwezamenyo: mwalimu wa kike, maneno hayo hayo, wazazi walilalamika, aliacha shule. La tatu lilikuwa bado halijaandikwa, lakini mstari wake ulikuwa umeshapigwa kwa rula, na hiyo rula, sijui kwa nini, ndiyo iliyoniumiza. Chini kabisa, mahali pa mbinu, palikuwa na maneno machache kwa mwandiko wake wa kikarani. Hunyamaza kwanza. Kisha humwambia mwanamke mmoja tu.

Nikatafuta kalamu. Nikatoka barazani. Alikuwa anatazama bonde, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mzee sana. Nikamkabidhi kadi pamoja na kalamu. Nikamwambia aandike la tatu, kwa kuwa mimi nimeshaona mstari. Akaandika juu ya goti, hakuharakisha, akapuliza wino.

Nikamuuliza inatolewaje kwenye droo. Nilijua, lakini nilitaka kusikia. Akasema sharti ni lile lile la kadi zote, miaka kumi bila neno jipya nyuma, kadi inachomwa.

"Miaka kumi utakuwa na themanini na mbili," nikamwambia. "Nani ataichoma?"

"Mimi."

"Basi itabidi uishi."

"Itabidi unyamaze," akasema, na akacheka, na mimi nikacheka, kwa pua kwanza.

Kesho yake nilianza na yule mwanamke wa kanisani. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba, nyumba tisa, nikasimama mlangoni na kusema nilisema uongo. Milango miwili haikufunguliwa. Watoto saba wamerudi. Jirani mwenyewe nilimwendea mwisho, nikiwa nimeshona mapazia ya vyumba vyake vyote. Aliyapokea, akashukuru, na hakunikaribisha ndani. Ni haki yake. Nesi na mwalimu sijui wako wapi, na hao ndio ninaowaota.

Huu ni mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni naosha vyombo nikamwona mzee anafungua lango, amenyoa, ana parachichi mkononi, anashuka. Moto ule ule ukanipanda, usidhani ulikufa. Nikatoa mikono majini. Nikajifuta, nikachukua kalamu na kipande cha boksi la sabuni, nikasimama dirishani nikaandika ninachokiona. Mzee, parachichi mbili. Ameingia kwa jirani. Watoto wanaimba. Mzee ametoka, mikono mitupu, anatembea polepole kwa sababu ya goti. Nikasoma nilichoandika, mara mbili. Hakukuwa na kingine.